Mikono ya Mkwe

Titi la kushoto la mama yake Adongo lilikuwa linaoza, na daktari pekee aliyekuwa tayari kulikata alikuwa Joram, mwanamume aliyemposa Adongo. Kwa mila yao mkwe haketi hata kwenye kiti alichokalia mama mkwe, sembuse kumfungua kifua. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mengine yote yalikuwa maneno.

Adongo aliligundua kwa harufu. Kazi yake pale mtaani Obunga ilikuwa kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Mtu wa kazi hiyo humjua samaki aliyeharibika kabla gunia halijafunguliwa. Mchana huo alirudi chumbani kuchukua chumvi, jua likiwa limesimama juu ya mabati, akanusa kitu kitamu na kizito ambacho hakikuwa samaki. Kisha akasikia wimbo.

Mama alikuwa ameketi kitandani, vifungo vya gauni wazi, mkono wa kushoto ameukunja kama mtu aliyepakata mtoto. Hakuwa amepakata kitu. Alikuwa akijitikisa taratibu na kuimba wimbo wa kubembeleza wa kwao Nyakach, kwa sauti ya chini kabisa. Kwenye gauni, juu ya titi, palikuwa na doa bichi la duara, kama vile kinywa kidogo kilikuwa kimebanduka hapo sasa hivi.

"Mama, unambembeleza nani?"

"Shh. Ndiyo kwanza amelala."

"Nani amelala?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Dada yako," akasema.

Pale kwao, ukisema jina lako ni Adongo, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza Apiyo yuko wapi. Ndivyo pacha wanavyoitwa: anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Adongo. Maisha yake yote alikuwa ameulizwa swali hilo. Makondakta walimuuliza, walimu walimuuliza, hata mchungaji aliyembatiza. Jibu lilikuwa kwamba Apiyo alikufa angali ananyonya, akazikwa nyuma ya nyumba karibu na Katito, kando ya ua wa minyaa. Mama yao, Beldina, alikuwa amempa kila mtoto titi lake, la kushoto la Apiyo na la kulia la Adongo, na hakuwachanganya hata siku moja. Siku ya mazishi titi la kushoto lilikuwa limejaa. Wanawake waliokuwapo walisimulia kwamba alipoinama kutupa udongo, maziwa yalidondoka kaburini.

"Huja saa hizi za jua kali, watu wakiwa kazini," mama akaendelea, akifunga vifungo kwa mkono mmoja ili asimwamshe yule ambaye hakuwepo. "Zamani alikuwa ananyonya polepole. Siku hizi ananyonya kwa nguvu. Ana meno sasa."

Hakuonyesha hofu yoyote. Hilo ndilo lililomsimamisha Adongo nywele.

Alimfungua gauni kwa lazima. Ngozi ya titi ilikuwa imekakamaa kama ganda la chungwa, na upande wa chini palikuwa na kidonda chenye ukubwa wa kinywa cha kikombe, kimezibwa kwa kitambaa na majani ya mwarobaini. Pembezoni mwa kidonda palikuwa na alama ndogo ndogo zilizopangana mviringo. Adongo alijiambia ni ngozi inayopasuka. Alijiambia hivyo mara nyingi baadaye.

Aliuliza tangu lini. Mama akasema tangu kabla ya wageni.

Wageni walikuwa watu wa Joram. Walikuja kutoka Nyamasaria na magari yao, wakaketi kwenye viti vya kuazima kule nyumbani Katito, wakamletea Mama Beldina ayie, bahasha ile ambayo mama wa msichana akiipokea amesema mbele ya watu kwamba amekubali. Waliongeza na blanketi zito la kichina. Mama alilipokea blanketi akalikumbatia kifuani muda wote wa maombi, na kila mtu alidhani ni furaha. Kumbe alikuwa anaziba harufu.

"Ningesema, wangekuchukua?" mama aliuliza. "Wangesema nyumba hii ina donda la kifua, na msichana ametoka kifua hicho hicho. Watu wenye masomo huangalia damu, nyathina, mwanangu. Nikasema wacha nipokee kwanza. Ukishaolewa, nitatafuta dawa."

Kwa hiyo alipokea. Na kwa kupokea akajifungia mlango mmoja uliokuwa umebaki wazi, ingawa wakati huo hakuujua.

Si kwamba hakuwa amekwenda hospitali. Alikwenda uvimbe ulipokuwa mdogo kama dengu, peke yake, kimya kimya. Katika hospitali kubwa ya mjini alikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili, la pili likamwambia mashine ya picha imeharibika, arudi baada ya sikukuu. Aliporudi, kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alimweleza mambo kwa Kiingereza, akamuuliza kama ameelewa. Mama aliitikia kwa kichwa. Mtu ambaye hakusoma huitikia kwa kichwa, kwa sababu kusema hapana ni kuomba kuchekwa. Walimwambia watampigia simu. Simu aliyoandikisha ilikuwa ya jirani yake, Jentrix, na Jentrix alihamia Busia. Huo ndio ulikuwa mwisho wa tiba yake.

Watu husema ugonjwa hauchagui. Labda. Lakini tiba ina macho, na inajua kusoma.

Mama yake Joram, Lornah, alikuwa amepata uvimbe kama huo huo mwaka uliotangulia. Yeye aliugusa asubuhi akioga. Kabla ya jua kutua alikuwa ameshalazwa, na daktari alikuja kumpokea mpaka mahali pa kuegesha magari, kwa sababu Lornah alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari na daktari huyo alikuwa mwanafunzi wake. Walimtoa kitu kidogo kama punje ya hindi. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, amevaa nguo yake ya kubana, na asingemwambia mtu, hakuna ambaye angejua.

*

Joram hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya masomo yake. Tuliseme hilo, tusije tukamwonea. Alifanya kazi katika hospitali ndogo ya misheni, mbele kidogo ya Katito kwenye barabara ya Kendu Bay, ambako yeye ndiye aliyekuwa mpasuaji, na yeye ndiye aliyekuwa akishika tochi umeme ukipotea. Huko ndiko walikokutana. Adongo alikuwa amempeleka baba yake mdogo, mzee Okello, aliyejikata mguu kwa jembe. Joram alimuuliza jina lake, akaambiwa Adongo. Aliinua macho, akamtazama kwa muda, kisha akarudi kushona mguu. Hakuuliza Apiyo yuko wapi.

Adongo alirudi Obunga na kukaanga samaki siku nzima akiwaza kimya kile. Joram alikuwa mwanamume wa kwanza maishani mwake ambaye hakuuliza.

Sasa, alipoambiwa kuhusu titi, Joram hakulala kazini. Alimpigia rafiki yake wa mjini aje apasue badala yake. Rafiki akakubali, kisha akaitwa kwenye mkutano Naivasha. Akampigia mwingine, naye akasema mgonjwa apelekwe kwake, hospitali ya kulipia, lakini malango ya huko hayafunguki bila amana, na amana yao ni kama bei ya shamba. Hospitali ya serikali iliwapa tarehe iliyokuwa mbali kiasi kwamba Joram aliisoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Doa kwenye gauni la mama lilikuwa likikua. Na kila mchana, mabati yalipoanza kulia kwa joto, wimbo ulianza.

Mwenye nacho huchagua mkono wa kumkata. Mama huyu alibakiwa na mikono miwili tu duniani, na ilikuwa ya mkwewe.

Naye aliikataa. Walimpeleka nyumbani Katito ili awe karibu na hospitali, na hapo kitandani aliwaambia wazi. Huyo kijana alimletea ayie, naye aliipokea kwa mkono wake na kukubali kwa mdomo wake. Macho ya mkwe hayaoni kifua hiki. Hiki ndicho kilichomnyonyesha mke wake. Akikitazama ni kama amelala na ukoo mzima.

"Basi nife," akasema. "Angalau mmoja wenu atakuwa ameshiba."

Mzee Okello, ambaye mguu wake ulipona lakini mdomo haukuwahi kuugua, ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wote. Alisema daktari ni daktari na mkwe ni mkwe, mtu hawezi kuvaa kofia zote mbili kichwa kimoja. Ayie ikirudishwa, Joram anakuwa kijana wa watu tu, kama fundi wa baiskeli. Anaweza kumpasua shemeji yangu mpaka kisigino.

"Halafu baadaye arudi kunichumbia upya?" Adongo aliuliza.

Mzee alikuna mguu wake wenye kovu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Akishaona ameona, mama. Macho hayatapiki. Ukimrudisha yule mtu hapa kama mkwe, mama yako hatakaa duniani wiki moja, hata kidonda kikipona. Unamjua."

Adongo alimjua.

*

Alimfuata Joram ziwani alasiri, nyuma ya hospitali, mahali alipopenda kwenda kunyoosha mgongo baada ya kazi. Magugu maji yalikuwa yamefunga ghuba yote. Hapakuwa na maji ya kuonekana. Palikuwa na shamba la kijani lililonyooka mpaka mbali, na korongo wakitembea juu yake kama wakaguzi. Lakini ukisimama kimya ulisikia maji chini yake. Yalikuwa yakivuta na kuachia, yakivuta na kuachia, sauti ya mtoto anyonyaye kwa kutulia.

Alimweleza yote bila kuzunguka. Joram alisikiliza huku akichuna gome la kijiti.

"Kwa hiyo unaniacha," akasema, "ili nimtibu mama yako."

"Ndiyo."

"Unasikia jinsi hiyo inavyosikika?"

"Nimeisikia njia nzima."

Alitupa kijiti kwenye magugu. Kilibaki juu, hakikuzama. "Adongo, nimekata akina mama wangapi hapa? Nikishavaa glavu sioni titi la mtu. Naona ugonjwa."

"Hao hawakuwa mama zangu."

"Basi tudanganye. Rudisheni hiyo ayie, nimpasue, apone. Tukae hata mwaka. Kisha nije tena, taratibu, na mbuzi, na wazee, na kila kitu. Nani atakufa kwa hilo?"

"Yeye."

"Mila haiui mtu."

"Mbona ugonjwa huo huo haukumuua Mama Lornah?" Adongo akasema, na mara akatamani angelimeza lile neno. Lakini lilikuwa limeshatoka, akalimalizia. "Sikulaumu wewe. Lakini mama yako alifunguliwa milango mitano mpaka akachagua. Mama yangu amebakiwa na mmoja, na wewe umesimama katikati yake kama mkwe. Toka tu mlangoni, Joram. Apite."

Joram aligeukia ziwa. Upepo haukuwepo, lakini katikati ya magugu pale mbele yao majani yalibonyea, taratibu, kama kitu kidogo kimekalia. Kisha yakainuka. Adongo aliangalia pembeni. Hakutaka kuuliza kama naye ameona.

"Na nikikataa?" Joram akasema. "Nikisema sitaki kuwa daktari wake, nataka kuwa mume wako?"

"Utakuwa mkwe wa maiti."

Joram alikaa chini kwenye nyasi ghafla. Adongo aliketi pia, si karibu sana. Walisikiliza ziwa likinyonya.

"Hujaniuliza ninachotaka," Joram akasema.

"Unataka nini?"

"Wewe. Na kelele zako. Na hiyo harufu ya mafuta ya samaki ambayo mama yangu anasema haitoki."

"Haitoki kweli."

"Najua. Iko kwenye mto wa gari langu. Nimekataa ufuliwe."

Adongo alicheka, kisha kile kicheko kikageuka mikononi mwake kikawa kitu kingine, akajifunika uso kwa leso. Joram alinyoosha mkono. Vidole vyake vilisimama hewani karibu na bega lake, vidole virefu, safi, vyenye kucha zilizokatwa hadi mwisho. Adongo aliwaza kwamba kesho vidole hivi vitakuwa ndani ya kifua cha mama. Akajivuta nyuma kidogo tu. Ilitosha. Mkono ulishuka.

"Na mimi nakutaka," akasema. "Nilikutaka tangu siku hukuniuliza kuhusu Apiyo. Sasa tumeshasema sote, na titi la mama bado linaoza."

Joram alifuta uso kwa kiganja. Alipoongea tena ilikuwa sauti yake ya kazini. Alisema mama asile kitu asubuhi. Alisema muuguzi, Sista Naswa, atampokea.

Adongo aliinuka, akajikung'uta nyasi. Hakugeuka. Nyuma yake alisikia maji yakivuta, na Joram hakumwita.

*

Alipeleka ayie Nyamasaria siku hiyo hiyo, kabla giza halijaingia, akiwa na mzee Okello kama shahidi. Lornah aliwapokea sebuleni, mahali ambapo Adongo alikuwa ameketi mara mbili tu na mara zote mbili aliangaliwa viatu. Aliweka bahasha mezani, bado imefungwa kama ilivyokuja, na blanketi ndani ya nailoni yake.

Mzee alisema maneno yanayotakiwa. Msichana amekataa. Hakuna ubaya. Vitu vimerudi.

Lornah hakufurahi kama Adongo alivyotegemea. Aliuliza sababu, na Adongo akamwambia, kwa kuwa hapakuwa na la kuficha tena. Mkono wa Lornah ulipanda taratibu ukatua kifuani mwake, juu ya titi la kushoto.

"Langu lilikuwa dogo sana," akasema. "Hata sikuhisi maumivu." Kisha akauliza la mama lina ukubwa gani sasa.

Adongo alikunja ngumi akamwonyesha.

Lornah aliitazama ile ngumi kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Nilikukataa tangu mwanzo, unajua," akasema. "Nilimwambia Joram msichana wa mgongo wazi ataingia na nzi. Ningekuwa mtu mwema, leo ningekataa kupokea bahasha hii. Ningesema, mpelekeni huyo mama mjini, nitapiga simu." Aliivuta bahasha upande wake wa meza. "Lakini nikipiga simu, utakuwa mkwe wangu."

Mzee Okello aliinuka. Waliondoka bila kunywa chai.

*

Asubuhi ya kupasuliwa mama alikuwa mtulivu. Alimruhusu Sista Naswa amvue, na Joram alipoingia na barakoa usoni, Mama Beldina alimtazama machoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya wageni.

"Wewe ni daktari?" akamuuliza, kama hawajuani.

"Ndiyo, mama. Mimi ni daktari."

"Basi njoo."

Adongo aliketi nje, chini ya dirisha, jua likipanda. Ukutani kivuli kilifupika mpaka kikaisha. Ilipofika ile saa ya wimbo alisikia, kutoka ndani au kutoka ziwani, hakuweza kujua, kilio cha mtoto mchanga. Kilikuwa kifupi, kilio cha mtoto aliyetolewa titi mdomoni kabla hajashiba. Hospitali ile haikuwa na mama aliyejifungua wiki hiyo. Alimuuliza Naswa baadaye, naye akasema labda ni paka.

Joram alitoka na gauni la kijani lenye madoa. Alivua barakoa. Alikuwa na sura ya mtu aliyetembea usiku kucha. Alimweleza kwamba ametoa yote aliyoweza kuyaona, lakini kwapani palikuwa na mengine, na kipande kitapelekwa maabara, na dawa za baadaye zitatafutwa mjini, kwenye foleni ile ile. Kama angekatwa uvimbe ukiwa kama dengu, alisema, hata nguo isingeonyesha kitu.

"Kabla dawa haijamshika alinishika mkono," akasema. "Akaniambia, mtoe polepole, amelala." Akaikunja barakoa. "Adongo. Apiyo yuko wapi?"

Kwa hiyo naye aliuliza. Adongo alimtazama mwanamume yule, ambaye alikuwa tofauti na watu wote, akawa sasa mtu kama watu wengine.

"Nyuma ya nyumba," akasema. "Kando ya minyaa."

Naswa alimpa kilichobaki baada ya maabara kuchukua sehemu yao, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa kizito ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mama ndiye aliyekuwa ameomba. Adongo na mzee Okello walichimba pale pale, kando ya kilima kidogo cha kaburi kilichokwisha kusawazika, wakakiweka ndani. Kitambaa kilikuwa na joto bado. Ndoo ilikuwa nzito kupita kiasi chake alipoibeba kwenda, nzito kama mtoto anayelala begani, na alipoibeba kurudi tupu mkono wake wa kushoto haukutaka kunyooka.

Mama alipona kidonda. Alianza kula, akaanza kulalamika juu ya chumvi, jambo ambalo lilikuwa dalili nzuri. Mchana alilala usingizi wa kawaida, mdomo wazi, bila kuimba. Siku ya kutolewa nyuzi Joram alikuja kitandani akampa mkono, na mama akaupokea, akautikisa vizuri, akamwita mwanangu. Mkwe hapewi mkono na mama mkwe. Adongo alisimama mlangoni akaiona ile mikono ikishikana, na hakuhitaji kuambiwa lingine.

Alirudi Obunga kwenye karai lake. Wanunuzi wake wakamwambia amekonda. Mchana mmoja, mabati yakilia kwa joto, mwanamke aliyekuja kununua alisimama mbele yake na sahani, akaita mara mbili bila kujibiwa, mwishowe akamgusa begani. Alimuuliza kwa upole anambembeleza nani. Adongo alishtuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, naye alikuwa akijitikisa.

Hii ndiyo gharama yake. Titi moja la mama, na nyama ya kwapani, hata mkono ule hauinui tena mtungi. Usingizi wa Joram, ambaye aliomba uhamisho akaenda mbali na ziwa. Bahasha moja isiyofunguliwa na blanketi moja lililorudi Nyamasaria likiwa bado kwenye nailoni. Mume mmoja. Na watoto, ambao hakuna ajuaye wangekuwa wangapi; lakini katika ukoo ule huja wawili wawili.